Mtoto Ana Ewa

Sogeeni, sogeeni, na simu zenu zilazeni kifudifudi. Leo nawatwisha mzigo, na aliyekuja kutafuta kicheko aende zake mapema, maana kicheko humu kipo lakini kitamkwama kooni. Na wewe ninayekuona umeshanyoosha kidole kunisahihisha, kishushe. Nikikosea, kosa nitalibeba mwenyewe mpaka nyumbani. Sikilizeni kwanza, ugomvi baadaye.

Pembeni ya mji wa Singida kuna mtaa nitakaouita Kisimani, mtaa wenye vumbi, mbuzi na grupu la wasapu. Grupu ndilo lilikuwa baraza la watu. Humo walitangaza misiba, michango, kuku waliopotea na maji yaliyokatika, na humo pia walichambana. Walikuwamo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake, na hao ndio watakaowapa shida leo.

Wa kwanza ni Mughwai, mwenye bucha. Huyu alijaliwa masikio. Ng'ombe akikohoa zizini, Mughwai akiwa njiani juu ya baiskeli, atakwambia yule kapaliwa na pumba tu, na yule wa pembeni ni mgonjwa, usimnunue. Hakuna sauti ndogo iliyompita. Ila kuandika, eeh, kuandika kulimkataa. Yeye na herufi h walikosana tangu shule ya msingi na hakuna aliyewapatanisha. Hapa kwake ni apa, hela ni ela, huruma ni uruma. Hata akisema, hiyo h inadondoka njiani.

Wa pili ni Dafroza, msusi, mwenye saluni yenye kuta za rangi ya waridi. Huyu alijaliwa kusambaza. Akiweka kitu kwenye stetasi yake, kabla chai haijapoa kimefika sokoni, kimefika stendi, kimefika kwa mtu ambaye hata Dafroza hamjui. Na alichopenda kukiweka kuliko mitindo ya nywele ni makosa ya watu. Andika "nimerara" badala ya "nimelala" uone. Atakipiga picha, atakizungushia wino mwekundu, na kesho yake ukipita barabarani watoto wanakuuliza kama umeamka.

Wa tatu ni Ezboni Kiula, mwenye steshenari mkabala na mahakama, anayewachapia watu barua, kadi za michango na maombi ya kazi. Huyu alijaliwa jicho. Alikuwa akisema kila mtu ana ugonjwa wake wa herufi, na yeye akishasoma mistari miwili ameshaujua wako: wewe unachanganya r na l, yule anabandika h pasipotakiwa, huyu anaiangusha. Lingekuwa jambo jema kama angelijua akanyamaza. Hakunyamaza hata siku moja. Ukiomba msaada kwenye grupu, jibu la kwanza ni la Kiula, na si msaada, ni masahihisho.

Lakini mzigo wenyewe haukuwaangukia hao. Ulimwangukia Zaituni, fundi cherehani na binti wa Mzee Ntandu, ambaye mumewe anaendesha malori ya masafa marefu na kwa hiyo nyumbani ni yeye na mtoto wao mmoja tu, Hidaya, wa darasa la kwanza. Tutamfuata yeye.

Kabla sijafika kwenye siku yenyewe, kuna jambo lazima mlijue. Mughwai alifiwa na mama yake. Asubuhi ile aliandika kwenye grupu: "Ndugu zangu, mama yangu atunaye tena." Kabla hata pole ya kwanza haijaingia, Kiula akajibu: "Ni hatunaye, si atunaye. Poleni lakini."

Jamani! Mtu kafiwa na mama yake mzazi! Lakini unadhani watu walikasirika? Dafroza akaipiga picha akaitundika kwenye stetasi. Vikaanza kumiminika vile viuso vya kucheka mpaka machozi, kimoja, kingine, kingine. Zaituni naye aliweka kimoja. Kimoja tu, tena huku anapiga pasi, bila kufikiri. Baadaye roho ilimsuta akakifuta, lakini Mughwai alikuwa ameshakiona. Ilipofika jioni admini akaona aibu, akamwondoa Kiula kwenye grupu kwa utovu wa adabu. Mughwai hakuondoka wala hakujibu. Aliapa tu moyoni, kwa kaburi la mama yake, kwamba humo haandiki neno tena, na kweli hakuandika.

Sasa ikaja Jumapili moja ya jua kali, jua lile linalochoma mpaka kivulini. Hidaya hakurudi kula chakula cha mchana. Zaituni akawauliza watoto wenzake, wote wakatazama chini. Akazunguka kwa majirani, akazunguka uwanja wa mpira, akazunguka kisimani, akachungulia mpaka chini. Akaandika kwenye grupu: "Jamani naomba msaada wenu, mwanangu Hidaya haonekani, kavaa gauni la njano." Watu wakatoka kumsaidia kutafuta, hilo siwanyimi. Mtaa wote ukawa unaita jina moja.

Watoto walikuwa wanajua, ila waliogopa. Asubuhi walikuwa wamekwenda kiwanda cha alizeti cha bwana mmoja, Nkungi, kule nje ya mji kwenye njia ya Ilongero, kuokota mbegu zinazomwagika. Mlinzi akawatimua kwa fimbo. Wenzake wakakimbilia nje, Hidaya akakimbilia ndani ya kontena la mashudu, yale makapi ya alizeti wanayolishwa ng'ombe, akajibanza nyuma ya magunia. Mlinzi hakumwona. Akabamiza mlango wa chuma, akatia kufuli, na wakaondoka yeye na tajiri yake kwenda msibani Ikungi. Kiwandani hakikubaki kiumbe, isipokuwa huyo mtoto, kwenye giza, ndani ya sanduku la chuma lililoanikwa juani.

Alasiri ikaingia meseji kwenye grupu. Jina la aliyeituma lilimfanya kila mtu aisome mara mbili, kwa sababu lilikuwa la Mughwai.

"Mtoto Idaya yuko apa kwenye kontena kwa Nkungi kiwandani. Limefungwa. Ana ewa."

Zaituni aliisoma akiwa amesimama katikati ya barabara. Kapatikana. Ana hewa. Akakaa palepale kwenye vumbi, akalia kwa sauti, kilio cha mtu aliyekuwa ameshaanza kufikiria sanda.

Grupu nalo likapumua. Na likishapumua, si mnalijua? Mmoja akaandika: "Tunashukuru Mungu, ana hewa!" Mwingine akaandika: "Ewa ndiyo nini tena? Ewaa! Mtoto ana ewaa, anacheza ngoma humo ndani!" Viuso vya kucheka vikamiminika. Walikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hajichungi.

Wakampigia Mughwai, hapatikani. Wakampigia Nkungi, akapatikana.

"Ufunguo ninao mimi huku Ikungi, njooni mchukue," akasema. "Na msinivunjie kontena. Mali ya watu ile."

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na kigari chake, kibovu lakini kinatembea. Akawasha.

"Mwenyekiti, nipeleke kwanza kwa mwanangu," Zaituni akamwomba.

"Ukifika utafanya nini, Mama Hidaya? Utaliangalia kontena? Mtoto ana hewa, na Mughwai yupo naye. Tufuate ufunguo kwanza, tufungue kistaarabu."

Ikungi ni upande huu, Ilongero ni upande ule. Zaituni alijua kwamba kila gurudumu likizunguka linamweka mbali na mwanawe. Lakini alikuwa amechoka, na maneno ya mwenyekiti yalikuwa na akili. Akapanda gari. Humo ndani akawa anairudia meseji kama dawa: ana hewa, ana hewa, ana hewa.

Mwacheni hapo barabarani kwanza, niwaambie kila mmoja wa wale watatu alifanya nini.

Mughwai alikuwa amekwenda kiwandani kuulizia mashudu ya ng'ombe wake. Akakuta kumefungwa, akageuza baiskeli. Ndipo akasikia kitu. Mtu mwingine angesema ni panya, au ni bati linatanuka kwa jua. Yeye akasimama. Akaruka uzio, akaweka sikio kwenye chuma, akajiunguza, akaliacha sikio palepale. Ndani kulikuwa na kucha zinakwaruza, na sauti ya mtoto: "Naishiwa pumzi." Alikuwa na bando lakini hana salio la kupiga. Akajaribu kurekodi sauti aitume, mtandao wa kule ukagoma, kaduara kanazunguka tu. Chaji imebaki kamstari kekundu. Hapo ndipo kiapo chake kilipomkaba. Akaandika, akaivunja ahadi ya kaburini, akatuma. Simu ikazima mkononi mwake. Akaokota jiwe akaanza kulipiga kufuli, na huku anamwongelesha mtoto: "Idaya, mwalimu wako anaitwa nani? Rafiki yako nani? Usilale, mama, nijibu!" Mwanzo alikuwa anajibiwa kwa maneno. Baadaye kwa kugonga tu.

Dafroza alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, nusu kimesukwa, nusu bado. Akaisoma ile meseji akacheka mpaka kitana kikamdondoka. Tuwe wakweli, alijua mtoto kapatikana na ni mzima, hakuwa anacheka maiti. Akaipiga picha, akazungushia wino mwekundu pale kwenye "ewa", akaandika juu yake: "Mtoto ana EWAA jamani! Profesa Mughwai karudi!" Akaitupa kwenye stetasi. Ikaruka kama zinavyoruka zake zote, ikatoka Kisimani, ikaingia mjini, ikafika mahali ambapo ile meseji peke yake isingefika kamwe, kwa sababu mwenye mahali hapo alishafukuzwa kwenye grupu.

Kiula alikuwa dukani kwake akichapa kadi za harusi ya mtu. Aliiona ile stetasi, na yeye akacheka, tusimsingizie utakatifu. Halafu kicheko kikakatika. Jicho lake lilikuwa limeanza kazi bila kutumwa. Idaya, h imeanguka. Apa, h imeanguka. Ewa, h imeanguka. Huyu mtu hana h hata moja mfukoni. Sasa mtu wa namna hii akitaka kuandika "hana", ataandikaje? Ataandika "ana". Na tangu lini mtu akatangaza kwamba fulani ana hewa? Nani anasema hivyo? Hewa haitajwi mpaka iwe inakosekana. Akampigia Dafroza.

"Hiyo meseji umeikata mahali?"

"Sijaikata, ndivyo ilivyo. Unataka kumsahihisha tena? Hujatosheka?"

"Nipe namba ya Mama Hidaya. Sasa hivi, Dafroza. Mtoto anakufa."

Kulikuwa na kitu kwenye sauti ile. Dafroza akamwachilia mteja na kichwa chake nusu nusu, akamsomea namba. Kisha akaifuta stetasi, akatoka nje, akawa amesimama tu kibarazani ameshika mdomo.

Turudi sasa garini. Simu ya Zaituni ikalia.

"Dada Zaituni, mimi Kiula wa steshenari. Nisikilize. Mughwai hakuandika ana hewa. Ameandika hana hewa. H imeanguka. Zimeanguka zote, tazama. Mtoto hana hewa!"

Zaituni akaibana simu sikioni.

"Nani huyo?" mwenyekiti akauliza.

"Kiula. Anasema mtoto hana hewa."

"Achana naye! Huyo kwake dunia nzima ni imla. Tumebakiza mwendo mdogo tu, ufunguo ule pale. Tukirudi bila ufunguo na mtoto yumo na hewa yake, tutakuwa tumempotezea muda bure. Herufi moja, Mama Hidaya! Utageuza gari kwa herufi moja?"

Hapo, wasikilizaji wangu, hakuwepo wa kumwamulia. Akiendelea mbele na Kiula akawa sahihi, anamzika mwanawe. Akigeuza na Kiula akawa amekosea, anafika kwenye chuma kilichofungwa akiwa mikono mitupu. Na aliyempigia ni nani? Ni yule yule aliyemsahihisha mfiwa.

"Kaka Kiula, una uhakika?"

"Sina," akasema. "Ila natoka sasa hivi na mtaimbo, nimeazima hapa jirani. Nikikosea kontena nitalilipa mimi."

"Mwenyekiti, geuza," Zaituni akasema.

"Mama Hidaya..."

"Geuza gari, nimesema! Usipogeuza naruka!"

Mwenyekiti akageuza, huku analalamika, lakini alikanyaga mafuta. Zaituni hakuirudia tena ile meseji. Alikuwa anajiuliza amempa mwanawe dakika ngapi za kufa kwa kukubali kupanda gari lile, na hilo swali hakuna aliyeweza kumjibu.

Walipofika kiwandani Kiula ndiyo anashuka kwenye bodaboda, mtaimbo begani, shati limefunguka vifungo. Mughwai alikuwa bado analipiga kufuli. Jiwe lilikuwa jekundu, na halikuwa hivyo alipoliokota. Alipowaona hakusalimia.

"Ameacha kugonga," akasema. "Ameacha kugonga!"

Zaituni akajibamiza kwenye ule mlango. "Hidaya! Hidaya, mama yuko hapa! Hidaya!" Kimya. Kiula akapachika mtaimbo kwenye kufuli, akaning'inia, halikutikisika; yeye ni mtu wa karatasi. Mughwai akamsogelea, akashika na yeye. Mwenyekiti, yule wa mali ya watu, akatupa koti akashika na yeye. Wakavuta wote, wakapiga kelele wote, chuma kikalia, kufuli likang'oka.

Hidaya alikuwa nyuma ya mlango, amejikunja, midomo imebadilika rangi. Mughwai akamtoa akamlaza kivulini, Zaituni akammwagia maji, akampepea kwa khanga, akamwita, akamwita, akamwita. Mara mtoto akavuta pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo, akakohoa, akalia. Zaituni hajapata kusikia sauti nzuri kuliko kilio kile. Hospitalini daktari alimpima, akamwekea dripu, akamwambia mama yake bila kuzunguka: "Mngefuata ufunguo, mngerudi kuchukua mwili."

Hidaya akapona. Mkidhani hadithi imeisha, mmekosea, maana mzigo niliowaahidi bado.

Mzee Ntandu, babu yake Hidaya, alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wachache. Akaja Kisimani siku ya dua ya shukrani akimkokota mtamba, ng'ombe jike mchanga mwenye mimba ya kwanza, mweupe na mabaka meusi, wa kumpendeza mtu yeyote. Akasimama mbele ya watu.

"Huyu ni wa aliyemrudisha mjukuu wangu," akasema. "Sikuleta nyama ya kugawana, nimeleta mnyama mzima aende kuzaa kwenye zizi la mtu mmoja. Zaituni, wewe ndiye mama. Mtaje."

Akamwekea binti yake kamba mkononi. Watu wakaanza kupiga kelele, kila kona na mtu wake, mpaka mzee akanyanyua fimbo. "Waseme wenyewe."

Kiula akaanza. "Mimi sitajifanya sitaki. Meseji ilisomwa na grupu zima, na grupu zima likaelewa kinyume. Nilisoma mimi. Siku zote mnaniambia herufi ni kitu gani, tumeelewana si basi? Basi hamkuelewana! Mlikuwa njiani kwenda Ikungi! Mkininyima leo, mtakuwa mnasema kujua kusoma ni kosa."

Sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Na bila kinywa chako Mughwai asingekuwa anaandika kwa hofu!" Kiula akajibu: "Na bila jicho langu mngekuwa kwenye matanga."

Dafroza akasimama. Macho yalikuwa yamevimba. "Mimi msinipe," akasema. "Nilikuwa nacheka. Nikilala naisikia sauti yangu nacheka, na mtoto yumo ndani anakwaruza. Lakini msiseme sikufanya kitu, kwa sababu hilo nalo ni uongo. Kiula hakuwemo kwenye grupu. Aliijua kupitia kwangu. Ningekuwa mtu mwema siku ile, nisingeitundika, na Hidaya angekuwa amekufa. Mimi mwenyewe sijui nilifanye nini jambo hili."

Akakaa, akajifunika uso kwa khanga.

Mughwai alikuwa wa mwisho, mikono bado ina bandeji. "Mimi mkinipa napokea," akasema. "Nilisikia ambapo asingesikia mtu. Nilikaa naye. Niliandika, na nilikuwa nimeapa siandiki. Mnasema kosa langu la erufi moja lingemuua mtoto. Ni kweli. Ila kuna jambo sijawaambia."

Akamtazama Kiula, halafu akamtazama Zaituni, na Zaituni akajua anakumbuka kile kiuso.

"Ilo neno la kabla ya ewa nililiandika vizuri. Mara ya kwanza niliweka ile erufi yenu. Nikaitazama. Chaji inaisha, mtoto anakwaruza, na mimi naitazama erufi! Nikajiambia, si ndiyo ile ile waliyonicheka nayo kwenye msiba wa mama? Sasa labda nimeiweka pasipo pake. Watacheka. Nikaifuta, nikatuma."

Kiula akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake: "Sikujua, kaka."

"Ungejuaje," Mughwai akasema.

Zaituni alikuwa amesimama na kamba. Ampe Mughwai? Basi awaambie watu kwamba aliyeifuta ile herufi kwa mkono wake ndiye mwokozi, na aliyeirudisha aende nyumbani mikono mitupu. Ampe Kiula? Basi mtu anamdhalilisha mfiwa mbele ya mtaa, hofu aliyoipanda inakaribia kuua mtoto, halafu anaondoka na ng'ombe kwa kuzima moto wake mwenyewe. Dafroza amejitoa kwa mdomo wake, lakini mama aliyekumbatia mtoto hai usiku kucha anajua ile meseji ilipitia wapi. Na yeye Zaituni ni nani wa kuhukumu? Mkono wake ulikuwemo kwenye kicheko kile, na Mughwai anajua, na anamtazama.

"Zaituni," Mzee Ntandu akasema. "Nakusubiri."

Hidaya akamvuta mama yake gauni. "Mama, ng'ombe ni wa nani?"

Haya, mtoto ameuliza, mjibuni. Mbele yenu wamekaa watu watatu. Ungekuwa ndiwe Zaituni, kamba ungempa nani? Na asinyanyuke mtu kuniambia awape wote. Ng'ombe ni mmoja.